Dawa za Mzio kwa Wale Ambao Baadhi ya Vyakula Huwakataa

Maswali ya wasomaji wa Kanda ya Ziwa yanajibiwa na mfamasia wetu wa Mwanza

Kiangazi kikishaingia na upepo ukaanza kupeperusha vumbi la mitaani, safu hii hupokea barua nyingi za watu wenye mafua yasiyokwisha, macho yanayowasha na ngozi inayovimba. Katika toleo hili nimeweka pamoja barua tano ambazo waandishi wake wanahitaji dawa ya mzio, na papo hapo wana hofu kwamba dawa yenyewe imechanganywa na kitu ambacho miili yao haikitaki. Barua nimezifupisha, na majina sikuyataja.

SWALI: Shikamoo mfamasia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ninaishi Nyakato. Kila kiangazi ninapiga chafya tangu asubuhi, na vumbi la chaki linanizidishia. Tena maziwa yananikataa: nikinywa kikombe kimoja tumbo hujaa gesi na baadaye ninaharisha, ingawa maziwa mgando hayanisumbui. Nilikuwa nikitumia vidonge vya setirizini bila shida yoyote, lakini mwezi uliopita duka halikuwa na vile vya siku zote, nikapewa vya kiwanda kingine, na tumbo likaanza kuunguruma. Nimesoma kwamba vidonge vingi vina sukari ya maziwa. Je, kuna dawa ya mzio isiyo na sukari hiyo, na hapa Mwanza ninaipataje?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Ulichosoma ni kweli, lakini kimeacha jambo moja kubwa, nalo ni kiasi. Katika kidonge cha setirizini dawa yenyewe ni miligramu 10 tu, punje ambayo hata kuishika kwa vidole ingekuwa shida, na ndiyo maana kiwanda hulazimika kuongeza vijazio vya kukipa kidonge umbo, kukizuia kisimeguke ndani ya boksi na kukisaidia kusambaratika tumboni. Vijazio hivyo huwa ni laktosi, ambayo ndiyo sukari ya maziwa, pamoja na wanga wa mahindi, selulosi itokanayo na mimea, na vingine vichache. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha katika jarida la Science Translational Medicine uchambuzi wa dawa za kumeza zaidi ya 42,000 zilizokuwa zikiuzwa nchini mwao, wakakuta kwamba takriban asilimia 45 zina laktosi, na kwamba zaidi ya asilimia 90 zina angalau kijazio kimoja kinachoweza kumletea mtu fulani mzio au usumbufu wa tumbo. Kwa hiyo aliyekuambia kwamba vidonge vingi vina laktosi hakukudanganya.

Sasa tupige hesabu. Kidonge cha setirizini au cha loratadini chenye laktosi kwa kawaida hubeba chini ya miligramu 150 za sukari hiyo, na mara nyingi haifiki hata 100. Glasi ya maziwa ya ng'ombe ya mililita 200 ina takriban gramu 10, yaani miligramu 10,000. Maana yake ni kwamba ungepaswa kumeza vidonge mia moja hivi kwa mkupuo ili upate laktosi iliyomo katika glasi moja. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipolitazama suala hili mwaka 2010 iliona kwamba wengi wa watu wasiomeng'enya laktosi huweza kupata hadi gramu 12 kwa wakati mmoja bila dalili, au wakapata dalili ndogo tu. Wewe unaonekana kuwa na tumbo jepesi kuliko wengi, kwa kuwa kikombe kimoja kinakuharisha, lakini hata hivyo kutoka kikombe hadi kidonge kimoja kwa siku ni mbali sana.

Ningependa pia ujue kwamba hali yako si ugonjwa wa ajabu, kwani ndiyo hali ya watu wazima wengi duniani. Mwaka 2007 mtaalamu wa jenetiki Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba baadhi ya jamii za Afrika Mashariki, hasa za wafugaji, zina mabadiliko ya kijeni yanayowawezesha kuendelea kumeng'enya maziwa ukubwani, tena mabadiliko yaliyozuka huku huku kwetu na yaliyo tofauti na yale ya Ulaya. Asiyekuwa nayo hunufaika na maziwa mgando, kwa sababu bakteria wanaoyagandisha huwa wamekwisha kula sehemu ya sukari kabla bakuli halijafika mezani.

Sisemi kwamba tumbo lako halikuunguruma. Ninasema kwamba laktosi ya kidonge kimoja si mtuhumiwa wa kwanza, isipokuwa kama unameza dawa nyingine kadhaa kila siku, ambapo vidogo vidogo hujumlishana. Mtazame kwanza mtuhumiwa aliye karibu zaidi: vidonge hivyo vipya ulivimeza na nini? Nimewahi kumhoji mteja kwa muda mrefu kuhusu boksi la dawa, kumbe kila asubuhi alikuwa akikimezea kidonge chai ya maziwa. Kisha angalia kama vidonge vipya ni vya kutafuna au vya kuyeyuka mdomoni, kwa kuwa hivyo mara nyingi hutiwa utamu wa manitoli au sorbitoli, sukari ambazo utumbo huzifyonza polepole na ambazo huleta gesi hata kwa mtu asiye na shida na maziwa. Kuna pia rangi, hasa ile ya njano iitwayo tartrazini yenye namba E102, ingawa hiyo kwa wachache inaowasumbua huleta zaidi vipele na muwasho kuliko gesi.

Dawa mbadala zipo. Vidonge vingi vya feksofenadini hutengenezwa kwa selulosi na wanga bila laktosi, na vina sifa nyingine njema ya kutoleta usingizi darasani. Sharti lake ni kwamba vimezwe kwa maji matupu, kwa kuwa juisi ya machungwa, ya tufaha na ya balungi hupunguza sana kiasi cha dawa kinachoingia mwilini. Dawa za kiungulia zenye alumini na magnesi nazo zipishane nayo kwa muda wa saa mbili. Dawa ya maji ya setirizini, ambayo wengi hukimbilia wakidhani ni salama zaidi, mara nyingi haina laktosi lakini imejaa sorbitoli: baadhi ya aina hufikisha gramu 3 katika kipimo cha mtu mzima cha mililita 10. Kwa tumbo kama lako huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto.

Kama ningechagua kwa niaba yako, nisingechagua kidonge chochote. Chafya za kila asubuhi kwa msimu mzima na pua iliyoziba hutulizwa vizuri zaidi na dawa ya kupulizia puani yenye steroidi, yaani kemikali inayotuliza uvimbe, kama beklometasoni au flutikasoni, ambayo hufanya kazi pale pale puani na haina mgogoro wowote na maziwa. Kosa la wengi ni kuitumia siku mbili, kuona haijaleta nafuu, na kuitupa. Dawa hii huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili, kufikia nguvu yake kamili, na inafaa ianzwe kabla vumbi halijachachamaa. Elekeza mdomo wa chupa upande wa nje wa tundu la pua, usiuelekeze kwenye ukuta wa katikati, la sivyo utaanza kutokwa na damu.

Kuhusu namna ya kuipata dawa isiyo na laktosi, tatizo letu kubwa liko kwenye jinsi tunavyouziana dawa kuliko kwenye dawa zenyewe. Duka nyingi hununua kopo la vidonge elfu moja, muuzaji anahesabu kumi, anavitia kwenye kibahasha, anaandika "1x1" na kukukabidhi. Kibahasha hicho hakikuambii kiwanda wala vijazio, na hata mfamasia aliyebobea hawezi kukusaidia akikitazama. Mtu ambaye vyakula vinamsumbua asikubali vidonge vya kuhesabiwa. Omba boksi lenye karatasi ya maelezo, hata kama bei itazidi kidogo, na uisome kabla ya kulipa. Karatasi nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na orodha ya vijazio huwa karibu na mwisho chini ya neno "excipients". Huko ndiko utakakotafuta maneno "lactose", "sorbitol", "mannitol" na "wheat starch". Boksi la vidonge vya zamani vilivyokufaa ulipige picha kwa simu, ili safari nyingine uombe kiwanda hicho hicho na si jina la dawa peke yake. Dawa moja ikitoka viwanda viwili inaweza kuwa na vijazio tofauti kabisa, na zote mbili zikawa zimesajiliwa kihalali na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya nchi yetu.

SWALI: Habari za kazi, mfamasia. Ninaandika kutoka Ukerewe. Mwanangu ana miaka mitano. Tangu akiwa mchanga, akionja maziwa ya ng'ombe midomo inavimba na mwili unatoka vipele. Mara moja alikohoa sana na kupumua kwa shida hadi tukamkimbiza hospitali Nansio. Zahanati walinipa dawa ya maji ya setirizini niwe nayo nyumbani. Jirani yangu ananiambia kwamba dawa za hospitali zina laktosi na zitamuua mtoto, ndugu yangu wa mjini ananiambia laktosi haina neno. Nimsikilize nani?

JIBU: Mama, swali lako linafanana na la mwalimu aliyetangulia kwa sura tu, kwa sababu mwanao hana shida ya kumeng'enya sukari ya maziwa. Yeye ana mzio wa protini ya maziwa, ambapo kinga ya mwili huiona protini hiyo kama adui na kuishambulia, na hapo hesabu ya kiasi niliyoipiga juu haitumiki, kwa kuwa hata tone linaweza kuleta balaa. Jirani na ndugu yako kila mmoja ameshika upande mmoja wa ukweli.

Laktosi inayotumika viwandani hutolewa kwenye maji ya maziwa yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, kisha husafishwa mpaka protini karibu yote iondoke. Katika vidonge vya kumeza, mabaki yanayosalia kwa kawaida ni machache mno hata yasimdhuru mwenye mzio wa maziwa, ingawa mtoto aliyewahi kupumua kwa shida kama wako ningempa dawa isiyo na laktosi pale inapopatikana, maana hakuna sababu ya kubahatisha. Dawa ya maji ya setirizini kwa kawaida haina kitu chochote cha maziwa. Hata hivyo, ifungue karatasi yake na uhakikishe, au mpelekee mhudumu wa zahanati aisome mbele yako. Mtoto wa miaka mitano hupewa miligramu 2.5 asubuhi na jioni, yaani mililita 2.5 kama chupa imeandikwa miligramu 5 katika mililita 5, na kipimo hicho kipimwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe kilichokuja na chupa. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani.

Kuna njia mbili ambazo laktosi inaweza kumdhuru kweli mtoto wa namna hii, na hizo ndizo ninazotaka uzishike. Ya kwanza ni dawa ya unga ya kuvuta kwa ajili ya pumu. Vifaa vingi vya unga hutumia laktosi kubebea dawa, na unga huo ukienda moja kwa moja kwenye mapafu umewahi kuleta matatizo kwa watu wenye mzio mkali wa maziwa. Pampu ya kawaida ya kupuliza yenye gesi, kama ile ya salbutamoli ya bluu ambayo wengi wanaifahamu, haina laktosi. Ya pili ni sindano. Mwaka 2017 Shirika la Dawa la Ulaya lilipendekeza kwamba sindano za methiliprednisoloni, dawa ya steroidi, zenye laktosi zisitumike kabisa kwa watu wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe, baada ya wagonjwa kuzidiwa na mzio kutokana na dawa ile ile waliyochomwa ili kuutuliza. Si kila chupa ya methiliprednisoloni ina laktosi, na sindano za steroidi za aina nyingine zipo. La muhimu ni kwamba mhudumu ajue kabla ya kuvuta dawa. Kwa hiyo maneno "ana mzio mkali wa maziwa" yaandikwe kwa wino mwekundu kwenye jalada la kadi yake ya kliniki, na kila atakayemshika mtoto huyo, hata bibi yake na mwalimu wa chekechea, ayasikie kutoka kinywani mwako.

Jambo ambalo hukuliuliza ndilo linalonitia hofu zaidi. Setirizini uliyopewa hutuliza muwasho, vipele na chafya, lakini haifungui koo lililovimba na hairudishi shinikizo la damu lililoporomoka. Mtoto akianza kukohoa mfululizo, sauti ikabadilika, akapumua kwa mluzi, akatapika mara kwa mara au akalegea baada ya kula kitu, dawa pekee ya kumwokoa ni adrenalini, ambayo huchomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, na ambayo hurudiwa baada ya dakika tano hivi kama hakuna nafuu. Usikae nyumbani ukisubiri setirizini ifanye kazi, maana huanza baada ya nusu saa au zaidi. Akiwa anapumua kwa shida mwache akae. Akiwa amelegea mlaze na miguu umwinulie, na usimsimamishe wala kumtembeza.

Kwa mtu anayeishi kisiwani, maandalizi hufanywa kabla ya siku yenyewe. Pita wiki hii katika zahanati na kituo cha afya kilicho karibu nawe, uulize wazi kama wana adrenalini na kama usiku kuna mtu wa kuichoma. Kama jibu ni hapana, jua mapema ni bodaboda ya nani itakayowafikisha Nansio na umwachie namba yake kila anayekaa na mtoto, kwa sababu safari ya meli hadi Mwanza ni ya saa kadhaa na mshtuko wa mzio hauna subira hiyo. Baadaye, akiwa mzima, mpeleke kwa daktari bingwa wa watoto. Bugando ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda yetu. Watoto wengi wenye mzio wa maziwa hupona wanapokua, na ni daktari anayepaswa kuamua lini ajaribiwe tena. Usimjaribu jikoni kwako.

SWALI: Kaka mfamasia, mimi ninafanya kazi ya kupakua na kuanika dagaa, na biashara yangu iko Mwaloni, Kirumba. Nikila sato au sangara mdomo unawasha na macho yanavimba, lakini nikitangulia kumeza Piriton ninakula bila wasiwasi. Nimefanya hivi kwa muda mrefu. Siku hizi hata moshi wa samaki wa kukaangwa unanikereketa. Je, nihamie dawa yenye nguvu zaidi? Na ninasikia kapsuli nyingi zimetengenezwa kwa mafuta ya samaki.

JIBU: Kaka, unachokifanya ni kuzima king'ora na kuuacha moto. Piriton inaficha muwasho wa mdomo, ambao ndio onyo la mapema, huku mwili ukiendelea kuipokea protini ile ile, na siku utakayozidiwa utakuwa umekwisha kula sahani nzima. Usihamie dawa yenye nguvu zaidi ili uendelee kula. Hakuna kidonge cha mzio kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Protini inayowasumbua wengi wenye mzio wa samaki inaitwa pavalbumini, na haiharibiki kwa kuchemshwa wala kukaangwa, ndiyo sababu hata mvuke wa kikaango unakukereketa. Inafanana sana kati ya samaki mmoja na mwingine, hivyo anayeshindwa na sato mara nyingi hushindwa na sangara pia, na dagaa unaowaanika nao ni samaki vilevile. Kabla hujakata tamaa na biashara, hata hivyo, fikiria jambo moja. Samaki aliyekaa juani kabla ya kupozwa anaweza kujikusanyia histamini, kemikali ile ile inayotolewa na mwili wakati wa mzio, na kupika hakuiondoi. Sumu hii inajulikana zaidi kwa samaki wa baharini kama jodari. Kinachoitofautisha ni kwamba waliokula pamoja huwashwa na kuwa wekundu usoni kwa pamoja. Kama kila mara unavimba wewe tu na wenzako mezani wako salama, basi ni mzio wako.

Nenda ukapimwe, kwa damu au kwa kuchomwa tone dogo ngozini. Kipimo cha ngozini hakifanyi kazi mwilini mkiwa na dawa ya mzio, kwa hiyo Piriton na wenzake huachwa kwa takriban wiki moja kabla. Cha damu hakina sharti hilo. Mpaka upate majibu, acha samaki mezani, vaa glovu na barakoa kazini, na kama unahitaji dawa ya muwasho wa mchana tumia loratadini au feksofenadini badala ya Piriton. Piriton huleta usingizi, na ninayasema haya pia kwa wavuvi wa dagaa ambao kazi yao ni usiku wa giza katikati ya ziwa: mtu aliyemeza Piriton, na hasa akaongeza pombe juu yake, hana analolifanya kwenye mtumbwi wala juu ya pikipiki.

Kuhusu kapsuli, mafuta ya samaki huwekwa katika vidonge vya lishe vya omega na baadhi ya vitamini, si katika dawa za mzio za kawaida. Ganda la kapsuli lenyewe huwa ni jelatini, ambayo mara chache hutokana na samaki. Chukua vidonge vikavu na suala hilo litakuwa limekwisha.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni Mwislamu wa Igoma. Hiyo jelatini ya kwenye kapsuli inatokana na nini, na je, ninaweza kufungua kapsuli na kumeza unga wake?

JIBU: Wa alaykum salaam. Jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe, ya nguruwe au, kwa nadra, ya samaki, na karatasi ya maelezo mara nyingi huandika jelatini bila kusema ni ya mnyama yupi. Zipo kapsuli za selulosi, ambazo hutambulika kwa neno "hypromellose" kwenye orodha. Kwa dawa za mzio huna haja ya kuhangaika, kwa sababu setirizini, loratadini na feksofenadini zote hupatikana kama vidonge vikavu. Kufungua kapsuli usifanye bila kumuuliza mfamasia, maana nyingine zimetengenezwa ili dawa itoke polepole, na ukimwaga unga wake unapata kipimo cha siku nzima kwa mara moja.

SWALI: Mfamasia, nikila chapati au mkate tumbo linavimba na ninajisikia mchovu. Nimeamua kuacha ngano kabisa. Ninaishi Sengerema na ninatumia loratadini kwa ajili ya mafua ya mzio. Nimeambiwa vidonge vina wanga wa ngano. Niviache navyo?

JIBU: Usiviache. Wanga unaotumika katika vidonge vingi ni wa mahindi, na mara nyingine wa viazi au muhogo, na hiyo yote haina gluteni, ile protini ya ngano inayowadhuru baadhi ya watu. Wanga wa ngano hutumika mara chache, na hata unapotumika gluteni inayobaki ndani yake ni kidogo sana. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilieleza kwamba haijui dawa yoyote ya kumeza iliyotiwa gluteni ya ngano kwa makusudi. Mtu aliyethibitishwa kuwa na ugonjwa wa siliaki, ambapo gluteni huufanya mwili uushambulie utumbo wake wenyewe, ndiye anayepaswa kuisoma orodha kwa makini na kukataa boksi lenye "wheat starch" lisiloandikwa kwamba halina gluteni.

Wewe hujathibitishwa, na hapo ndipo ninapokuomba subira. Kuvimba tumbo baada ya chapati kunaweza kutokana na sukari za ngano zinazochachuka utumboni, na hiyo ni hali tofauti na siliaki, haidhuru utumbo na haihitaji kuogopa kidonge. Kipimo cha siliaki hutafuta kingamwili katika damu, na kingamwili hizo hupungua mtu anapoacha ngano, hivyo ukiiacha kwanza kisha ukaenda kupimwa, majibu yanaweza kusema huna ugonjwa ilhali unao. Muulize daktari wako kuhusu kipimo hicho kabla ya kubadilisha chakula, na uendelee kula chapati zako mpaka damu ichukuliwe.